Bombomu Lililozaliwa Njaani

Wakati wa likizo nilikwenda Katwe, hapa Kampala, nikamtazama fundi akitengeneza sigiri. Alikata bati, akalikunja, akalichomelea, na mara sigiri ikawa tayari. Ndipo nilipofahamu vizuri jambo moja nililolisoma katika historia ya vita.

Mwaka 1941 Wajerumani waliivamia Urusi ya Kisovyeti. Askari walihitaji mabombomu madogo ya mkononi, yafyatuayo risasi za bastola mfululizo. Lile la Degtyaryov lilichongwa kwa mashine, kazi ya polepole. Ila kabla ya uvamizi huo Georgy Shpagin alikuwa amekwisha kubuni PPSh-41. Sehemu zake nyingi zilikuwa bamba la chuma, lililokandamizwa katika kalibu na kuchomelewa. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 5.

Lakini mji wa Leningrad ulikuwa umezingirwa. Watu walikufa kwa njaa, na chuma na umeme vilikuwa haba. Humo Alexey Sudayev akaliendeleza bombomu lake, PPS-43. Lilitaka kilo 6 hivi za chuma badala ya 14, na saa 3 hivi za mashine badala ya 7. Kitako chake kilikuwa cha chuma, cha kukunjwa. Sudayev alifariki mwaka 1946, umri wake miaka 33.

Wenzangu, sisifu silaha. Kazi yake ni kuua. Nasifu swali alilojiuliza Sudayev, ambalo yule fundi wa Katwe hujiuliza kila siku: niondoe nini, na kitu kibaki kikifanya kazi yake?