Deni la Nani? Dhamana na Mgogoro wa Mikopo ya Nyumba Nchini Marekani, 2007–2008

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii humwonya mkopaji kwamba furaha ya kupokea fedha za mwenziwe hufuatwa na uchungu wa kuzirejesha. Mgogoro wa mikopo ya nyumba ulipoikumba Marekani mwaka wa 2007 na 2008, wengi waliutazama kwa jicho la methali hii, wakamtwika mkopaji lawama zote. Wengine waliueleza kwa kauli ya kutendeka: soko lilivurugika, mikopo ikaharibika, imani ikavunjika. Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kauli hiyo humficha mtenda. Makala haya yanakusudia kumtafuta mtenda huyo.

Neno moja la Kiswahili litatusaidia katika safari hii, nalo ni dhamana. Kwanza, dhamana ni mali inayowekwa ili kulinda mkopo. Pili, dhamana ni jukumu ambalo mtu amekabidhiwa na atakaloulizwa. Hoja yetu ni kwamba nchini Marekani dhamana ya kwanza, yaani nyumba, ilifanywa kisingizio cha kuitupa ile ya pili.

Mnyororo wa mkopo

Hapo zamani, benki iliyotoa mkopo wa nyumba aghalabu ilikaa nao hadi ulipomalizika kulipwa, pengine kwa muda wa miaka 30. Mkopaji aliposhindwa kulipa, benki nayo iliumia. Kwa sababu hiyo ilimchunguza kabla ya kumpa fedha.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, utaratibu mwingine ulikuwa umetia fora. Dalali alimtafuta mkopaji, na kampuni ya mikopo ikatoa fedha. Kampuni hiyo iliuuza mkopo kwa benki ya uwekezaji, nayo benki ikakusanya maelfu ya mikopo, ikaunda hatifungani na kuziuza kwa wawekezaji wa ndani na nje ya nchi. Wengi katika mnyororo huu walipata ujira wao siku ya kuuza, si siku ya deni kulipwa. Hasara ilimsubiri aliye mwisho wa mnyororo.

Mkopaji na mkopeshaji

Haitakuwa haki kumwondolea mkopaji lawama zote. Wapo waliodanganya kuhusu mapato yao, na wapo walionunua nyumba za pili na za tatu kwa matumaini kwamba bei ingepanda daima. Hata hivyo, uongo wa mkopaji ulihitaji mlango wa kuingilia, na mlango huo ulifunguliwa na mkopeshaji aliyekubali kutoa fedha bila kudai hati za mshahara.

Aidha, mikopo mingi iliyotolewa kwa watu wenye historia dhaifu ya ulipaji ilikuwa na mtego ndani yake. Katika aina moja iliyoenea sana, riba ilikuwa nafuu kwa miaka 2 ya kwanza, kisha ikawa ya kupanda na kushuka kwa miaka 28 iliyosalia. Mkopaji aliambiwa kwamba kabla ya riba kupanda angechukua mkopo mwingine, kwani thamani ya nyumba yake ingekuwa imeongezeka. Bei zilipofikia kilele mwaka wa 2006 na kuanza kuteremka, njia hiyo ilizibika. Mnamo Aprili 2007, New Century, mojawapo ya makampuni makubwa ya mikopo ya aina hiyo, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Vilevile, madalali walilipwa zaidi walipomfungia mteja mkopo wa riba ya juu kuliko aliyostahili. Wakopaji weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliumia zaidi. Mwezi wa Desemba 2011, kampuni ya Countrywide, iliyokuwa imenunuliwa na Bank of America, ilikubali kulipa dola milioni 335 kufuatia mashtaka ya serikali kwamba iliwabagua zaidi ya wakopaji 200,000 wa jamii hizo.

Waliotia muhuri na waliofumba macho

Hatifungani hizo zisingepata wanunuzi bila muhuri wa makampuni ya kukadiria ubora. Makampuni haya yalilipwa na wauzaji wa hatifungani zile zile yaliyopaswa kuzihukumu. Kwa mujibu wa ripoti ya Januari 2011 ya tume iliyoundwa kuchunguza mgogoro huu, asilimia 83 ya hatifungani za mikopo ya nyumba zilizopewa daraja la juu kabisa na Moody's mwaka wa 2006 hatimaye zilishushwa daraja. Hakimu anayelipwa na mshtakiwa hawezi kutarajiwa kutoa hukumu ya haki.

Serikali nayo haina budi kubeba sehemu yake. Sheria ya mwaka wa 1994 iliipa Benki Kuu ya Marekani uwezo wa kukomesha ukopeshaji dhalimu wa nyumba. Edward Gramlich, mmoja wa magavana wa benki hiyo, alitahadharisha mapema kuhusu hatari hiyo. Hata hivyo, kanuni pana zilitolewa Julai 2008, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Mnamo Oktoba mwaka huo huo, Alan Greenspan, aliyeiongoza benki hiyo kuanzia 1987 hadi 2006, alikiri mbele ya wabunge kwamba alikosea kudhani kuwa benki zingejilinda zenyewe kwa kuogopa hasara.

Wapo wanaoshikilia kwamba chanzo kikuu kilikuwa sera ya serikali ya kuwahimiza watu wa kipato cha chini wamiliki nyumba. Mjumbe mmoja wa tume, Peter Wallison, aliandika maoni yake ya kupinga kwa msingi huo. Walio wengi katika tume walikubali kwamba mashirika ya Fannie Mae na Freddie Mac yalichangia, lakini si kama chanzo kikuu. Walihitimisha kwamba mgogoro ungeweza kuepukika.

Hitimisho

Nani basi alilipa matanga? Mamilioni ya familia zilipoteza nyumba zao. Mnamo Oktoba 2008, Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa mfumo wa fedha. Baadaye benki kubwa zilitozwa mabilioni ya dola, lakini hakuna mkurugenzi mkuu hata mmoja wa benki kubwa za Wall Street aliyefungwa gerezani.

Ni dhahiri kwamba watenda walikuwa wengi, ila lawama zao hazilingani. Uzito wake hupimwa kwa ujuzi na uwezo. Mkopaji alijua mambo ya nyumba moja. Mkopeshaji alijua ya maelfu. Benki, wakadiriaji na wasimamizi waliweza kuuona mnyororo mzima na kuukata. Sheria ya Julai 2010 inayomtaka mkopeshaji kuhakikisha kwamba mkopaji ana uwezo wa kulipa ilijaribu kuzirejesha pamoja maana mbili za dhamana. Methali yetu ingali na ukweli wake, lakini ilitungwa kwa ajili ya watu wawili wanaojuana. Panapokuwa na mnyororo mrefu wa watu wasiojuana, yafaa tuulize pia ni nani aliyeipigia ngoma harusi, akapokea ujira wake, na kuondoka kabla ya matanga.