Windows Inapogoma Kuamilishwa Baada ya Kupigwa Upya

Kompyuta iliyopandishwa kutoka Windows 7 hadi Windows 10, kisha ikafutwa diski yote na kupigwa Windows upya, inaweza kuwaka vizuri, ikaunganishwa na printa na kuchapa barua, huku kwenye kona ya chini kulia ya skrini pakitokea maandishi ya kijivu yanayomtaka mwenye kompyuta aiamilishe Windows. Picha ya skrini haibadilishiki tena, na ukurasa wa mipangilio unaonyesha msimbo kama 0x803F7001 au 0xC004C003. Programu ni ileile, mashine ni ileile, na kabla ya kufutwa ilikuwa halali. Kilichobadilika ni kwamba Windows mpya haijaweza kuthibitisha leseni ya mashine hiyo.

Microsoft ilianza kudai uthibitisho huu kwa watumiaji wote wa kawaida ilipotoa Windows XP mwezi Oktoba 2001. Mnunuzi aliingiza ufunguo wa herufi na tarakimu 25, kompyuta ikatengeneza alama yake kutokana na vifaa vilivyomo ndani, na viwili hivyo vikapelekwa kusajiliwa kwa intaneti au kwa simu. Asiyefanya hivyo ndani ya siku 30 alifungiwa nje ya kompyuta yake. Windows 7 haikufunga mlango, bali iligeuza picha ya skrini kuwa nyeusi na kusumbua kwa matangazo. Windows 10 na 11 ni pole zaidi: kazi zote za msingi zinaendelea, na kinachozuiliwa hasa ni kubadili mwonekano.

Upole huo una maana kubwa kwa mahali kama Vuga, makao ya zamani ya watawala Wakilindi juu ya milima ya Usambara, Tanzania. Mwenye duka la steshenari anayechapa barua za maombi ya kazi, au mwalimu mkuu anayejaza taarifa za shule kwenye mfumo wa serikali, hahitaji kusimamisha kazi kwa sababu ya maandishi yale ya kijivu. Hasara hutokea pale anapokimbilia tiba isiyofaa. Faili la kupigia Windows lina ukubwa wa gigabaiti tano au zaidi, na kulipakua kwa bando la simu ni gharama. Kushuka Soni au kwenda Lushoto mjini kumtafuta fundi kunakula nauli na siku ya kazi. Kila jaribio la kubahatisha lina bei yake, kwa hiyo ni bora kuijua sababu kabla ya kugusa chochote.

Sababu ya kwanza ni mpangilio wa hatua. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na kwa mwaka mmoja waliokuwa na Windows 7 au 8.1 halali walipewa ruhusa ya kupanda bure. Wengi hawakuelewa kwamba zawadi ile ilipatikana kwa kupanda kwenyewe. Mtu alipoiendesha programu ya kupandisha akiwa ndani ya Windows yake ya zamani, seva za Microsoft zilikagua leseni ya zamani, zikachukua alama ya ubao mama wa kompyuta, kisha zikaandika kwamba mashine hiyo sasa ina haki ya Windows 10. Haki hiyo huitwa leseni ya kidijitali, na haikai kwenye diski. Aliyefuta diski kwanza na kupiga Windows 10 moja kwa moja aliiruka hatua ya kuandikwa, na seva hazikuwa na kumbukumbu yake. Tangu Novemba 2015, katika toleo lililoitwa 1511, Microsoft ilikubali ufunguo wa Windows 7 au 8 uingizwe hata baada ya kupiga upya, na njia hiyo ilibaki wazi miaka mingi baada ya muda wa zawadi kwisha. Mwezi Septemba 2023 kampuni ilitangaza kuifunga.

Ndiyo maana kompyuta mbili zinazofanana kwa macho, zote zikiwa na karatasi ya ufunguo wa Windows 7 chini yake, zinaweza kupata majibu tofauti leo. Ile iliyowahi kupandishwa na kuamilishwa zamani bado imo katika kumbukumbu, na ikipigwa upya toleo sahihi hujiamilisha yenyewe mara inapopata intaneti, bila kuulizwa ufunguo. Ile isiyowahi kupandishwa haina pa kushika, na ufunguo wa karatasi ile haupokelewi tena.

Waliotumia funguo za kupandishia za Windows 7 na 8 walikutana na tatizo la aina hiyohiyo chini ya msimbo 0xC004F061. Ufunguo wa kupandishia uliuzwa kwa bei nafuu kwa sharti kwamba mnunuzi ana Windows ya awali. Diski ikiwa tupu, programu haioni ya awali wala haina njia ya kuamini kwamba iliwahi kuwepo. Dawa ilikuwa kurudisha Windows ya zamani, kisha kuanzisha usakinishaji kutoka ndani yake.

Sababu ya pili ndiyo inayowapotezea mafundi muda mwingi kuliko zote, nayo ni kutolingana kwa matoleo. Windows 10 Home, Home Single Language, Pro na Enterprise ni bidhaa tofauti kisheria, ingawa zote huonekana sawa mbele ya macho. Leseni ya moja haiamilishi nyingine. Kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu huja na Home Single Language, na fundi akiipigia Pro kutoka kwenye flashi yake, kwa kuwa Pro ndiyo aliyozoea, leseni iliyolipiwa na mwenye kompyuta inabaki bila kazi.

Kinyume chake pia hutokea, na ndicho kisa halisi cha mfumo uliopandishwa kisha ukagoma. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji huandika ufunguo ndani ya chipu ya ubao mama. Programu ya kupiga Windows huusoma ufunguo huo na kuchagua toleo yenyewe bila kuuliza. Tuseme kompyuta ilinunuliwa ikiwa na Home, kisha ofisi ikalipia Pro. Baada ya kufutwa, programu inasoma chipu, inaona Home, na inapiga Home. Mwenye ofisi anadhani Pro yake imepotea. Haikupotea: bado imeandikwa kwenye seva dhidi ya ubao mama uleule. Kinachotakiwa ni kuiambia kompyuta ibadilike kuwa Pro kwa kutumia ufunguo wa jumla ambao Microsoft yenyewe huutoa kwa ajili ya kubadili toleo, huku intaneti ikiwa imezimwa. Ufunguo huo hauamilishi chochote. Kompyuta ikishawaka upya ikiwa Pro, intaneti inafunguliwa na seva zinaitambua. Fundi anayetaka kulikwepa suala hili tangu mwanzo anaweza kuweka faili dogo la maandishi liitwalo ei.cfg ndani ya folda ya sources kwenye flashi, ili programu imuulize toleo badala ya kujichagulia.

Kwa Vuga na vijiji jirani sababu ya tatu ni nzito pia, kwa kuwa kompyuta zilizotumika Ulaya au Uarabuni ndizo zilizo karibu na uwezo wa watu. HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad ni mashine imara, zilizotengenezwa kwa ajili ya makampuni makubwa. Makampuni hayo huwa na leseni za jumla: kompyuta zake hujiamilisha kwa seva ya ndani ya kampuni, ambayo haianzi kutoa ruhusa mpaka ione angalau kompyuta 25, na kila ruhusa hudumu siku 180 kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Kampuni inapoiuza mashine, leseni ile ya jumla haiondoki nayo. Windows ya aina hiyo ikiachwa ndani, mnunuzi anaiona imeamilishwa siku ya kununua, na baada ya miezi michache inaanza kulalamika kwa msimbo 0xC004F074 kwamba haioni seva yake. Hata hivyo nyingi ya mashine hizo zilitoka kiwandani zikiwa na ufunguo wa Pro ndani ya chipu, na huo unabaki kuwa wa mashine. Kupiga Pro safi badala ya Enterprise mara nyingi humaliza tatizo bila kulipa shilingi.

Ubao mama ukiungua kwa umeme uliorudi kwa nguvu na kubadilishwa, kwa macho ya seva hiyo ni kompyuta nyingine, na msimbo 0xC004F211 husema hivyo. Kubadili diski kuwa SSD au kuongeza kumbukumbu kwa kawaida hakuleti shida hiyo. Tangu toleo 1607 la mwaka 2016, mtu aliyeunganisha leseni yake na akaunti ya Microsoft kabla ya ubao kubadilishwa anaweza kuingia kwenye kitatuzi cha uamilishaji na kueleza kwamba amebadili vifaa karibuni. Leseni iliyonunuliwa dukani peke yake inahamishika. Iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani hufa na ubao wake.

Lipo jambo dogo ambalo linastahili kuangaliwa kabla ya mengine yote, nalo ni saa. Betri ya duara ya CR2032 iliyo ndani ya kompyuta ya miaka mingi ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa kila mashine inapozimwa kabisa. Vyeti vya usalama vinavyolinda mawasiliano na seva vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, hivyo kompyuta inayodhani iko mwaka 2012 huvikataa na uamilishaji hushindikana. Betri hiyo haina bei kubwa. Ikishabadilishwa, saa irekebishwe na majira ya eneo yachaguliwe kuwa Nairobi, kwa kuwa Windows huiorodhesha Afrika Mashariki chini ya jina hilo. Mtandao wa simu unaotoweka nyuma ya kilima nao huleta makosa yanayofanana na ya leseni. Kuamilisha hakuhitaji bando kubwa, ila mawasiliano yanapaswa kudumu mpaka jibu lirudi.

Kabla ya kufuta diski, basi, yako mambo ya kuandika kwenye daftari. Amri slmgr /xpr huonyesha kama uamilishaji ni wa kudumu au una tarehe ya kwisha. Amri slmgr /dli hutaja toleo na aina ya leseni: neno RETAIL mara nyingi ni leseni ya dukani, OEM ni ya kiwandani, na VOLUME ni onyo kwamba leseni inaweza kuwa ya kampuni nyingine. Ndani ya PowerShell, maneno (Get-CimInstance -ClassName SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey hutoa ufunguo uliomo kwenye chipu, kama upo. Dakika hizo chache, pamoja na kuhamisha nyaraka kwenye diski ya nje, zinaokoa safari nzima ya kwenda mjini. Fundi mwenye heshima ya kazi yake angepaswa kuzifanya kwa kila mteja bila kuombwa.

Wasiofanya hivyo huishia kwenye programu za kraki, zilizo maarufu kwa sababu huondoa maandishi ya kijivu mara moja. Programu hizo huigiza seva ya kampuni ndani ya kompyuta, na karibu zote humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi kwanza. Anayekubali amemfungulia mlango mgeni asiyemjua, na zimewahi kupatikana zikiwa na programu za kuiba nywila. Steshenari inayoingiza namba za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na maombi ya mikopo ya wanafunzi haina haki ya kuhatarisha siri za wateja kwa ajili ya kubadili picha ya skrini. Kompyuta ambayo haijaamilishwa ni salama kuliko iliyoamilishwa hivyo. Sheria nayo ipo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama kazi nyingine za uandishi. Funguo za bei chee zinazouzwa mitandaoni haziko mbali na hapo. Nyingi zimechotwa kutoka leseni za jumla, na zikishatumika kupita idadi iliyoruhusiwa hujibu 0xC004C020, au hufungwa kabisa.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, ikaacha nafasi ya kuongeza mwaka mmoja wa masahihisho ya usalama kwa wanaojiandikisha. Windows 11 hupokea leseni ya kidijitali ya Windows 10 ya toleo linalolingana, kwa hiyo kwa upande wa uamilishaji kupanda si tatizo. Kizuizi ni vifaa: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa ujumla prosesa za kizazi cha nane kuendelea. EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya kizazi cha sita haimo. 840 G5 yenye kizazi cha nane imo. Anayenunua kompyuta ya mtumba sasa aangalie namba hiyo kabla ya bei.

Kwa mashine zilizobaki nje ya orodha, Linux haina ufunguo wala seva ya kuomba ruhusa, na mifumo kama Ubuntu na Linux Mint hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta za umri huo. Kivinjari hufungua mifumo ya serikali inayotumika kwa intaneti, na LibreOffice hufungua barua na majedwali. Mwenye steshenari ahakikishe kwanza kwamba printa yake inakubali. Mifumo mingi ya Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na jaribio hilo la printa na modemu hufanyika hapohapo dukani kabla ya chochote kufutwa.