Mkojo Ukiponyoka Baada ya Kujifungua: Usikae Kimya!

Tuchukue mfano wa binti mmoja wa Hanga. Alijifungua miezi mitatu iliyopita na mtoto ana afya njema. Sasa anataka kurudi shule, na tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu. Lakini kuna jambo linamtia woga. Akicheka, akikohoa au akijitwika ndoo, mkojo unamponyoka. Bibi yake anamwambia, "Ndo uzazi huo, mjukuu wangu. Utazoea." Je, ni kweli azoee tu?

Hapana! Hebu tuone mwilini kunatokea nini.

Chini ya nyonga kuna misuli inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo mkubwa. Ni kama mbeleko iliyofungwa kwa ndani. Wakati wa ujauzito mbeleko hii hubeba mzigo mzito, na mtoto anapopita huvutika sana. Ikilegea, mkojo huvuja. Hali hii huwapata wanawake wengi. Si laana, wala si uchafu.

Habari njema ni kwamba misuli hii hufanyiwa mazoezi kama misuli mingine. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, na hadi leo wataalamu wa fiziotherapia huyafundisha. Hufanywa hivi:

1. Kaa au lala. Bana kana kwamba unazuia mkojo na hewa visitoke.
2. Hesabu hadi 5 huku ukipumua kama kawaida. Usikaze mapaja wala makalio.
3. Legeza, pumzika, kisha rudia mara 8 hadi 10.
4. Fanya hivyo mara 3 kwa siku.

Mama anaweza kuanza siku chache baada ya kujifungua, kama hana maumivu. Kama amewekewa mpira wa mkojo, asubiri utolewe. Asikate tamaa baada ya wiki moja, maana huenda ikachukua miezi 3. Wiki 6 za mwanzo asibebe kuni wala ndoo nzito. Ale mboga na matunda, anywe maji ya kutosha, ili choo kisiwe kigumu.

Angalia tofauti hii!

Kama mkojo au kinyesi kinatoka muda wote, usiku na mchana, hata bila kukohoa, huenda ni fistula. Hili ni tundu linalotokea uchungu unapokaa muda mrefu na mtoto amekwama. Kichwa chake hugandamiza nyama za mama, damu haipiti, nyama zinakufa. Wasichana wadogo wako hatarini zaidi kwa sababu nyonga zao hazijamaliza kukua. Mazoezi peke yake hayazibi tundu. Anayevuja hivyo aende hospitali mapema, kwani likigunduliwa mapema, tundu dogo huweza kupona kwa kuwekewa mpira wa mkojo. Mengine huhitaji upasuaji.

Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu fistula bila malipo. Nauli je? Mwaka 2009 CCBRT ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa simu, ili umaskini usimzuie mtu kupona.

Kwa hiyo binti wetu afanye nini? Aende zahanati na aseme wazi, "Navuja mkojo." Ni maneno mawili tu, lakini ndiyo magumu kuliko mazoezi yenyewe. Akiona haya, aende na dada au shangazi anayemwamini. Kutoka hapo anaweza kupewa rufaa kwenda Songea au Peramiho.

Na nyinyi wavulana, msidhani hayawahusu! Mbebee dada yako ndoo. Na mwanafunzi mwenzenu akirudi darasani akiomba ruhusa ya kutoka mara kwa mara, msimcheke. Kicheko chenu kinaweza kumfukuza shule kuliko mkojo wenyewe.