Gazoni au Maua ya Pori? Hesabu ya Uwanja wa Ofisi Lubumbashi

Ofisi, shule au hospitali ya Lubumbashi inayotaka majani yabaki mabichi mwaka mzima inashindana na majira. Mvua yetu, kama milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Miezi inayobaki, ubichi wa gazoni hununuliwa, na nyuki hapati kitu humo. Tulinganishe njia nne kwa uwanja wa mita za mraba 500.

Gazoni ya kunyweshwa

Tukichukua lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, uwanja huu unakunywa lita 12,500: mabidoni 625 ya lita 20. Kwa wiki 24 za kiangazi zinafika lita 300,000. Ukitumia maji ya Regideso, shirika la maji, zidisha kwa bei iliyo kwenye fakturi yako. Ukiwa na foraji, yaani kisima cha kuchimbwa kwa mashine, hesabu umeme wa pampu, na mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Mvua ikirudi, kukata kila wiki mbili ni mara kumi na mbili au zaidi. Faida yake ni ya kweli: watu wanakaa na watoto wanacheza. Lakini uwanja usiokanyagwa na mtu ila anayeukata haustahili gharama hiyo.

Gazoni iachwe ikauke

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Majani yanageuka rangi, mizizi inabaki hai, na mvua za kwanza zinayaamsha. Bili ya maji inakwisha. Wadudu na ndege, hata hivyo, hawapati mengi mpaka upunguze pia kukata.

Changarawe au pavé

Unalipa mara moja, kisha unapumzika. Lakini milimita 1,200 juu ya mita za mraba 500 ni lita 600,000 za mvua kwa mwaka. Ukifunika ardhi kwa pavé bila kuacha nafasi ya maji kuzama, sehemu kubwa itakwenda kwa jirani au barabarani. Changarawe inapitisha maji vizuri zaidi, ila hailishi kiumbe chochote.

Maua ya pori

Hapa gharama ni kazi zaidi kuliko maji. Ukipanda mvua zinapoanza, mbingu zinanywesha badala yako. Miaka miwili ya kwanza inadai palizi ya mara kwa mara. Baadaye kazi inapungua sana.

Mbegu ndizo zinazowaponza wengi. Pakiti za maua ya Ulaya zimetengenezwa kwa majira mengine. Tithonia diversifolia, lile ua kubwa la manjano lililotoka Mexico na Amerika ya Kati, linapatikana bure, lakini limekwisha kuvamia viwanja vingi vya mji na linasonga mimea mingine. Usiliotesha. Mimea ya vilima vya shaba, kama Haumaniastrum katangense, iachwe kwao: imezoea udongo wenye madini, na makazi yake yanaliwa na migodi. Chagua mimea ya kawaida ya misitu ya miombo, kama Crotalaria, Vernonia na Gladiolus dalenii. Kusanya mbegu zake, kwa ruhusa, kwenye viwanja vinavyokaribia kujengwa.

Udongo nao upimwe kwanza. Penga Penga, hapa mjini, ambako moshi wa kiwanda cha shaba uliua mimea, watafiti walioanza kuotesha nyasi asilia ya Microchloa altera walilazimika kuongeza chokaa na mboji. Kama ofisi yako iko upande ulikokuwa ukielekea moshi huo, usilime uwanja wote kwa siku moja. Ardhi tupu ya kiangazi inatoa vumbi, na vumbi hilo linaweza kubeba madini hadi vifuani mwa wafanyakazi. Badilisha kipande kwa kipande.

Wafanyakazi wataogopa nyoka na moto, na wana haki. Acha ukanda wa mita mbili uliokatwa kandokando ya njia na kuta. Fyeka maua mara moja kwa mwaka, mwezi wa sita, mbegu zikisha kukomaa. Hivyo hakuna mabua makavu wakati moto wa porini unapozagaa, na mimea inayochanua kutoka ardhini kabla ya mvua inapata mwanga.

Uamuzi wetu

Gawanya uwanja. Theluthi moja, pale watu wanapokaa kweli, ibaki gazoni na inyweshwe: lita 300,000 zinashuka hadi 100,000. Theluthi ya pili iache ikauke. Theluthi ya tatu ipande maua Novemba hii, ukaipanue mwakani ikishika. Kama fedha hazipo kabisa, acha kunywesha na punguza kukata. Hiyo peke yake ni mwanzo mzuri.

Sharti moja: akiba itoke kwenye maji na mafuta, isitoke kwenye mshahara wa mtunza bustani. Bila jicho linalotofautisha mche wa Crotalaria na mche wa Tithonia, uwanja wako utakuwa kichaka cha Tithonia ndani ya misimu michache. Mlipie ajifunze mimea hiyo kabla hujanunua hata jembe moja.