JE, WAJUA? Namba 7 yako huenda ni namba 5 iliyobadilishwa jina

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni dhahiri hawakuwahi kucheza gofu. Huku uwanjani asiyechagua jembe ndiye anayerudi nyumbani viganja vikimwaka, njia nzima akimlaumu kedi.

Je, wajua kwamba namba iliyochongwa chini ya fimbo ya chuma haina sheria yoyote nyuma yake? Sheria za gofu hupima mpaka upana wa mifereji ya usoni, lakini hazisemi popote uso wa namba 7 ulale kwa nyuzi ngapi. Kila kiwanda hujiamulia. Miaka ya 1970 namba 7 ililala nyuzi 36 hivi. Leo, katika seti nyingi zinazouzwa kwa wachezaji wa kawaida, namba 7 ina nyuzi 28 hadi 30, na hapo ndipo ilipokuwa namba 5 enzi zile. Mwenzako akijigamba kwamba namba 7 yake mpya imemwongezea yadi 20, mpongeze kwanza. Halafu mwulize nyuzi.

Huo si ulaghai mtupu, lakini. Vichwa vya siku hizi vimeshushiwa uzito chini na nyuma, kwa hiyo mpira hupaa kirahisi mno. Uso ungebaki na mlalo wa zamani, mpira ungekwenda juu kama tiara na kuanguka palepale. Ndiyo maana viwanda vikausimamisha kidogo. Shida huja mwisho wa seti. Weji inayokuja pamoja na seti ilikuwa na karibu nyuzi 50. Sasa utaikuta na 43 au 44. Weji ya mchanga bado iko kwenye 56. Katikati pana shimo la nyuzi 12, wakati fimbo na fimbo zinatakiwa kupishana nyuzi 4 au 5. Ukinunua seti ya namna hiyo, weka akiba ya weji moja ya kujaza pengo, la sivyo kuna umbali mmoja ambao utaukosa maisha yako yote.

Je, wajua kwamba waliofungua uwanja wa Entebbe mwaka 1901 hawakuwa na namba 7 kabisa? Fimbo za wakati huo zilikuwa na mipini ya mti wa hikori na zilikwenda kwa majina ya Kiskoti: mashie, niblick, cleek. Iliyo karibu na namba 7 iliitwa mashie-niblick. Mpini wa chuma uliruhusiwa Marekani mwaka 1924, na klabu ya St Andrews ikakubali mwaka 1929. Ulipokuja mpini wa kutengenezwa kiwandani, fimbo zikaweza kulingana kwa seti nzima, na namba zikayafuta majina.

Aliyebadilisha kila kitu kwa mchezaji wa kawaida alikuwa mhandisi wa General Electric, Karsten Solheim, mzaliwa wa Bergen, Norway. Mwaka 1959 alianza kutengeneza fimbo za kusukumia mpira shimoni katika gereji ya nyumba yake, na kampuni aliyoizaa ikaitwa Ping, kwa mlio wa fimbo yake ya kwanza ilipogonga mpira. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaligeukia tatizo la fimbo za chuma. Akachimba mgongo wa kichwa, akaondoa chuma cha katikati na kukisambaza pembeni.

Kama umewahi kumwona mtu aliyebeba maji kwa mzega, unaijua siri yake tayari. Mti begani, dumu huku na dumu kule: jaribu kumzungusha ghafla uone alivyo mzito kugeuka. Kichwa chenye uzito pembeni nacho hukataa kupinduka mpira unapogongwa nje ya kitovu. Ukigonga kwa ncha, kinapinduka kidogo tu, mpira unapoteza yadi chache badala ya kuingia kichakani. Msaada wenyewe ni huo. Haikufundishi kugonga vizuri, inakupunguzia adhabu ya kugonga vibaya.

Kinyume chake ni ile nyembamba kama bapa la panga, mgongo mtupu, chuma chote kimekusanyika nyuma ya kitovu. Ukiipata sawasawa huhisi kitu mkononi. Ukiikosa… Mimi nilinunua seti ya bapa za mtumba kwa sababu moja tu, zilikuwa nzuri kutazama. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu, umande na baridi ya milimani, niligonga namba 5 kwa ncha, na mtetemo ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Kedi akatazama pembeni kwa adabu. Nilizivumilia miezi minne.

Je, wajua kwamba hata wanaocheza kwa ajili ya mlo wao huchanganya? Wengi hubeba bapa kwa namba fupi, 8 na 9, na zenye mgongo uliochimbwa kwa namba ndefu. Kama wao wanaomba msaada kwenye namba 4, sisi wa Jumamosi tunaona haya ya nini?

Hendikapu peke yake isikuamulie. Chukua kipande cha karatasi ya gundi, bandika usoni mwa namba 7, gonga mipira kumi, kisha tazama alama. Zikikusanyika mahali padogo kama sarafu ya shilingi, unaweza kusogea kuelekea vichwa vyembamba hata kama hendikapu yako ni 15, maana huenda mapigo yako mengi yanapotea karibu na shimo. Zikitawanyika kama punje za mchele sakafuni, nunua kichwa kipana na ulale usingizi.

Herufi zilizo kwenye mpini, R, S na nyingine, hazina kipimo cha pamoja duniani. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine. Ni kama saizi za mashati ya mtumba: usisome lebo, vaa. Kinachotawala ni kasi ya kichwa kinapofika kwenye mpira. Kwa vipimo vya mitambo ya Trackman, wanaume wa ligi kuu ya Marekani huizungusha namba 7 kwa takriban maili 90 kwa saa na mpira huruka yadi 172 hivi. Wanawake wa ligi yao hupata maili 76 na yadi 141. Hao wanawake wanatushinda wengi wetu mchana kweupe, kwa hiyo mpini mwepesi wa kaboni si mpini wa wazee wala wa akina mama. Ni wa mwenye kasi ya kawaida. Mipini mingi ya kaboni ni gramu 50 hadi 80, ya chuma huanza karibu na 95 na kuvuka 120.

Je, wajua kwamba urefu wako hautoshi kuchagua urefu wa fimbo? Fundi hupima kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono mpaka sakafuni, kwa sababu watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuachana sana mikono. Kisha huja pembe ya shingo. Chora mstari wa wino mweusi kwenye mgongo wa mpira, uuweke mstari wima, ugonge. Mstari utajipiga chapa usoni mwa fimbo. Chapa ikisimama wima, pembe imekaa sawa. Ikiinama, uso umeelekea upande mwingine kabla hujafanya kosa lolote: fimbo iliyosimama mno humpeleka mkono-kulia kushoto siku nzima, naye anadhani tatizo ni mabega.

Hapo ndipo chuma cha kufua kinapolipa. Ni laini, fundi anaweza kuipinda shingo nyuzi moja au mbili; vichwa vingi vya kumimina kwenye kalibu ni vigumu na hukataa. Kuhusu ile hisia tamu ya kufua inayosifiwa, sehemu kubwa ni sauti. Ziba masikio ujaribu.

Bryson DeChambeau alishinda US Open ya mwaka 2020 kwa fimbo za chuma zenye urefu mmoja zote, inchi 37.5, sawa na namba 7. Kwa kawaida kila fimbo hupishana na jirani yake nusu inchi. Anayeanza anaweza kufaidika na mkao mmoja kwa fimbo zote. Hasara ni kwamba ndefu hazifiki mbali sana na fupi hupaa kupita kiasi.

Sasa hewa. Nairobi iko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali zaidi kwa karibu asilimia 6 hadi 10. Mtu wa Karen, Nairobi, akishuka Nyali kule pwani, namba 7 yake inageuka 8. Wengi hufikiri wameshikwa na uchovu wa safari.

Na majani. Kikuyu, yale yanayotambaa kama mkeka katika nyanda za juu za Kenya, yamehamia mpaka uwanja wa Riviera, Los Angeles, na huwatoa jasho wataalamu karibu kila mwaka. Hushika shingo ya fimbo na kuugeuza uso. Kama unachimba chini kwa nguvu, au unacheza masika udongo ukiwa uji, chagua fimbo yenye wayo mpana, ulioumuka kidogo chini. Utateleza badala ya kuzama. Gene Sarazen aliyeyusha risasi na kuongeza tumbo hilo chini ya fimbo yake ya mchangani, akashinda British Open ya mwaka 1932 pale Prince's. Kwenye ardhi kavu ya kiangazi, tumbo hilo hilo litakurukisha juu ya mpira.

Mwaka 1938 Wamarekani waliweka kikomo cha fimbo 14, kwani wengine walikuwa wakibeba zaidi ya 20. Ian Woosnam, bingwa wa Kenya Open mwaka 1986, aligundua amebeba 15 akiwa kwenye shimo la pili siku ya mwisho ya British Open ya 2001. Mapigo mawili yakaongezwa kwenye kadi yake, naye akaivurumisha ile ya kumi na tano majanini. Anayeanza zinamtosha saba.

Au moja. Seve Ballesteros, bingwa wa Kenya Open wa mwaka 1978, alijifunzia mchangani huko Pedreña, Uhispania, akiwa na namba 3 peke yake, fimbo ambayo leo viwanda haviiweki hata kwenye seti. Nyingi huanzia 5 au 6, nafasi ya ndefu ikachukuliwa na haibridi yenye kichwa kinene. Ukienda kununua seti ya zamani, itoe namba 7 mfukoni kwanza utazame uso: mifereji imelika, katikati pameng'aa kwa kugongwa. Kisha toa namba 3. Bado ina rangi ya kiwandani.