Pikipiki Mpya Bado Haiko Tayari



Jumamosi moja walituletea kwenye dispansere baba mmoja, mke wake na mtoto wao wa miaka 4. Baba alikuwa amenunua pikipiki asubuhi ileile huko Kasongo, kwa feza aliyoiweka kidogo kidogo zaidi ya mwaka mzima. Saa nane ya mchana alikuwa amekwisha kupakia mke na mtoto na kushika njia ya Kabambare, aende kuwaonyesha wazee. Kwenye mtelemko, mbele ya daraja la magogo, akakanyaga freni ya nyuma. Pedali ikashuka mpaka chini bila kushika kitu. Mama alivunjika mkono. Baba alipasuka kichwa. Mtoto alipona, maana mama yake alimkumbatia wakati wa kuanguka.

Je, kosa lilikuwa la njia? Hapana. La mvua? Haikunyesha siku hiyo. Ile nati inayorekebisha freni ya nyuma ilikuwa imeshikwa kwenye nyuzi mbili za mwisho tu. Mtikiso wa njia uliifungua, ikaanguka. Nati ndogo, ya bei ndogo, ilitosha kuangusha jamaa nzima.

Pikipiki za bei nafuu tunazoziona hapa kwetu, kama Boxer na TVS za India au Haojue ya Uchina, ni mashine zenye nguvu kwa bei yake. Lakini pikipiki ya namna hiyo husafiri ndani ya sanduku, gurudumu la mbele na gidoni vikiwa vimetolewa. Mtu anayeiunganisha mara nyingi ana haraka, kwani wateja wanangoja. Kwa hiyo shika neno hili: siku ya kununua siyo siku ya kusafiri. Ipe pikipiki yako saa mbili kwanza, wewe pamoja na fundi unayemwamini, na kitabu chake mkononi.

MAMBO 7 YA SIKU YA KWANZA

1. Nati zote. Pitisha ufunguo kwenye nati za magurudumu yote mawili, za gidoni, za injini, za bomba la moshi na za freni. Usitazame kwa macho tu. Nati iliyolegea haina sura yake. Zipitie tena baada ya kilometa 100, kwa sababu mtikiso wa kwanza hulegeza hata zile zilizokazwa vizuri.

2. Freni. Pedali ya nyuma ishuke kama sentimita 2 mpaka 3, halafu ishike. Inua gurudumu na ulizungushe kwa mkono: lizunguke bila kukwaruza, na likame mara unapokanyaga. Fanya vilevile kwa freni ya mbele.

3. Mafuta ya injini. Usikubali neno la "tumekwisha kutia". Simamisha pikipiki wima mahali sawa, ufungue kifuniko cha kupimia, na utazame mwenyewe. Pikipiki ndogo hubeba karibu litri moja tu. Ikikosa mafuta, injini mpya inaweza kufa siku hiyohiyo.

4. Mipira ya magurudumu. Kwa nyingi za pikipiki hizi, upepo ni karibu 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 nyuma ukibeba mtu. Hesabu kamili imeandikwa katika kitabu. Mpira laini sana huyumba kwenye mchanga. Mgumu sana hurukaruka kwenye mawe.

5. Mnyororo. Injini ikiwa imezimwa, uinue mnyororo kwa kidole katikati yake, upande wa chini. Ucheze sentimita 2 mpaka 3. Ukikazwa sana hukatika. Ukilegea sana huruka na kufunga gurudumu.

6. Waya ya gesi. Washa injini, iache ingurume taratibu, kisha uzungushe gidoni mpaka mwisho wa kushoto na mwisho wa kuume. Sauti ikipanda, waya imevutwa au imepitishwa vibaya. Pikipiki ya namna hiyo itakukimbiza kwenye kona.

7. Batri. Kama ni ya kutiwa maji ya asidi, itiwe nje penye hewa, macho yakiwa yamefunikwa kwa miwani, na mpira wake wa kutolea hewa usibanwe. Asidi ikirukia jicho au ngozi, osha kwa maji mengi dakika 20 bila kuacha, ndipo uje kwetu. Usipake kitu chochote.

KILOMETA 1,000 ZA KWANZA

Injini mpya ni kama mguu katika kiatu kipya. Vyuma vyake bado havijazoeana. Kwa hiyo usifungue gesi yote, usiende mwendo mmoja saa nzima, na usipande mlima na gunia mbili za muhogo nyuma. Iache ipumue njiani. Mafuta ya kwanza uyamwage mapema, kati ya kilometa 500 na 1,000 kama kitabu kinavyosema, maana yanachukua unga wa chuma. Usiyamwage kando ya kisima wala mtoni.

IKIKATAA KUWAKA

Injini inataka vitu vitatu: esansi, moto na hewa. Vitafute kimoja kimoja kwa utaratibu. Mtu anayepiga teke mara hamsini kwa hasira anajiumiza goti tu.

Kwanza, yale mepesi. Kifungo chekundu cha kuzima injini, je, kiko mahali pa kuwasha? Robine ya tanki, je, imefunguliwa? Esansi ikiwa imepungua, geuza kwenye akiba. Asubuhi ya baridi, vuta starteri. Injini ikipata joto, irudishe, la sivyo itazama katika esansi na kutoa moshi mweusi.

Pili, esansi. Ile ya chupa za kando ya njia mara nyingine ina maji ndani. Itie katika chupa nyeupe na uiache itulie: maji ni mazito, yatakaa chini, nawe utayaona. Ichuje kwa kitambaa safi kabla ya kuitia katika tanki. Ikiwa maji yamekwisha kuingia, fungua vise ya chini ya kaburateri, uyamwage mahali pasipo na moto wala sigara.

Pikipiki ikiwaka vizuri, ikafa baada ya dakika kumi, halafu ikawaka tena, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa inaingia kwa sauti, basi tundu la kifuniko limezibwa na matope, nayo esansi haishuki. Lisafishe. Kosa hili limewauzia watu wengi kaburateri mpya bila sababu.

Tatu, moto. Toa buji, ambayo wengine huiita plagi. Ikiwa nyeusi na imelowa, ikaushe na kuisafisha. Kama utaipima kwa kuigusisha kwenye chuma cha injini, funga esansi kwanza, pangusa iliyomwagika, na ushike kofia yake ya mpira, wala si chuma.

Nne, hewa. Kwenye kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8, vumbi huziba kichujio haraka. Injini inapokosa nguvu mlimani na kula esansi nyingi, kitazame. Lakini usikitoe na kwenda bila kichujio: vumbi hilo litasaga injini kama jiwe linavyosaga mahindi.

YANAYOLETA WATU KWENYE DISPANSERE

Vidole. Hatusafishi wala kupaka mafuta mnyororo wakati injini inanguruma. Zima, kisha zungusha gurudumu kwa mkono, kidole mbali na meno. Kidole kikikatika, bana jeraha kwa kitambaa safi. Kile kipande kifunge katika kitambaa safi, kitie katika mfuko usioingia maji, uuweke mfuko katika maji baridi, na uje mara moja.

Bomba la moshi. Kwenye pikipiki nyingi liko upande wa kuume. Mama na watoto wapande na kushuka kwa upande wa kushoto. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya mawese na udongo havitibu, vinachafua jeraha.

Kunyonya esansi kwa mpira. Tone moja likiingia katika mapafu linaweza kuleta ugonjwa mkubwa. Aliyemeza asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta. Akianza kukohoa, aletwe upesi. Tumia robine ya tanki, usitumie kinywa.

Injini ndani ya nyumba. Moshi wake una sumu isiyo na harufu wala rangi. Wakati wa mvua tunaingiza pikipiki ndani. Vema, lakini iingie ikiwa imezimwa. Na kidumu cha esansi kisilale chumba kimoja na taa, mbabula au watoto.

Kichwa. Ndugu yangu, kofia ya mgodini siyo kofia ya pikipiki. Ile imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Kwenye njia itaruka kabla kichwa hakijafika chini. Uchunguzi uliokusanya habari za nchi mbalimbali, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kofia ya pikipiki hupunguza vifo kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Lakini ni ile iliyofungwa chini ya kidevu. Kofia iliyoning'inizwa kwenye gidoni inalinda gidoni.

Na unapotoka zamu ya usiku, lala kwanza. Usingizi na pikipiki mpya havipatani.

KWA MAMA WA NYUMBANI

Mama, pikipiki hii imenunuliwa kwa feza ya chakula chako na karo ya watoto wako. Una haki ya kuuliza. Kabla ya kupanda, mwulize baba maneno matatu: Umekaza nati? Umejaribu freni? Kofia yangu iko wapi? Akikasirika, subiri chini. Mtoto asiketi mbele juu ya tanki, na watu wanne hawafai kwenye kiti cha watu wawili.

Yule baba wa Jumamosi amepona. Mkono wa mke wake umeunga, ingawa kushika mwiko wa ugali bado kunamwumiza. Siku hizi kila asubuhi baba yule huchuchumaa kando ya pikipiki yake, ufunguo mkononi, na mtoto humsaidia kuhesabu nati. Kazi hiyo haifiki dakika tano. Ianze nawe leo, kabla hujaijifunza kwa uchungu.