CD iliyokwaruzika: juu ya nini ingali inaimba, na siku gani itanyamaza?

Mu nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Bunia ao Uvira, kungali kartoni yenye CD na DVD za zamani: ndoa ya wazazi, nyimbo za kwaya, mazishi ya babu. Zingine zimekwaruzika, lakini zikiwekwa mu mashini zinaimba tu. Watu wanasema: «Hii iko nguvu.» Kumbe CD imekwisha kuumia; mashini ndiyo inafunika kidonda.

Mwangaza unasoma namna gani?

CD ya muziki, iliyotokea sokoni mwaka 1982 kwa kazi ya makampuni Sony na Philips, haibebi sauti yenyewe. Inabeba nambari: sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde. Nambari hizo zimeandikwa kwa vishimo vidogo sana, kwenye mstari unaozunguka toka katikati kwenda pembeni. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine kuko milimita 0.0016 tu.

Lazeri inapiga mwangaza juu ya tabaka linalongaa, na mwangaza unarudi. Pahali pa bapa unarudi na nguvu. Penye kishimo unarudi muzaifu. Kijicho cha mashini kinageuza mabadiliko hayo kuwa umeme, kisha kuwa nambari. Kwa kuwa CD inayumba ikizunguka, lenzi inapanda na kushuka bila kukoma ili isipoteze mstari.

Kosa linasahihishwa namna gani?

Tuseme muchuuzi anaandika uzito wa magunia tatu ya maharagi: 80, 95 na 100. Chini anaandika jumla: 275. Tone la maji likifuta 95, anaipata tena kwa kutoa. CD inafanya karibu vile, kwa hesabu ngumu zaidi ambayo Wamarekani Irving Reed na Gustave Solomon walitangaza mwaka 1960. Kati ya kila nambari 32 za CD ya muziki, 8 ziko za ukaguzi tu.

Lakini tone kubwa lingefuta magunia yote kwa mara moja. Ndiyo maana nambari zinatawanywa, sawa vile muchuuzi angeandika kila gunia kwenye ukurasa wake. Mukwaruzo unagusa kidogo hapa na kidogo pale, na kila hesabu inapona. Kwa namna hiyo, pengo la karibu milimita 2.5 kwenye mstari linaweza kusahihishwa lote.

Pengo likizidi hapo, mashini inakisia: inachukua kipimo cha mbele na cha nyuma, inaweka cha katikati. Sikio halisikii. Ikishindwa hata kukisia, ndipo wimbo unaruka, ao picha ya DVD inavunjika vipande vya mraba.

Hapo ndipo kuko hatari: mutu anasikia shida ya kwanza wakati usaidizi wote umekwisha. Kutoka «inaimba muzuri» mpaka «haisomi», kunaweza kubaki mukwaruzo moja tu.

Mambo ya kufanya

- Panguza CD kwa kitambaa laini cha pamba, toka katikati kwenda pembeni, moja kwa moja. Usizungushe: mukwaruzo unaofuata mstari unakula nambari nyingi zinazofuatana.
- Chunga upande wenye maandishi. Kwenye CD, tabaka linalongaa liko chini tu ya rangi hiyo. Likitoka, mwangaza hauna pa kurudia, na hakuna hesabu itakayolirudisha.
- CD zilizochomwa kwa ordinateri zina rangi inayoharibiwa na jua. Usiziache dirishani.
- Nakili zile za maana kwenye flashi ingali zinaimba, na uweke nakala pahali pawili.

Sauti ya babu iliyo mu kartoni isingojewe mpaka ianze kurukaruka.